Jumatatu ya Walimu

Ilianza Jumatatu, tarehe kumi na nne Aprili, saa nne na dakika kumi asubuhi, kwenye benchi lililo nje ya duka la mashine za kufulia la Bibi Verlene, hapa Pickett Mill, kusini mwa Missouri. Saa naikumbuka kwa sababu niliitazama mara tatu kabla sijakaa. Jumatatu shule yetu haifunguliwi. Bodi ya shule ilipitisha hivyo miaka mitatu iliyopita: masomo siku nne, Jumanne hadi Ijumaa, ili walimu wapate mapumziko marefu na waache kuhama. Kwa hiyo Jumatatu watoto wa sekondari hutumwa na wazazi wao kufua, nao hukaa nje kwenye benchi wakingoja mashine zimalize, wakinywa kahawa ya bure ya Bibi Verlene kutoka kwenye birika kubwa la umeme. Kahawa hiyo ina ladha ya maji yaliyochemshiwa kamba ya katani. Hakuna anayelalamika, na mimi nilikuwa nimeshakunywa kikombe kimoja.

Mimi ni mwalimu wao wa historia. Huu ni mwaka wangu wa kwanza kazini, na nina miaka ishirini na minne. Mwalimu kukaa benchi moja na wanafunzi siku ya mapumziko si jambo la kawaida, najua. Nilianza mwezi Oktoba, baada ya kugundua kwamba toka Ijumaa saa kumi kasoro dakika kumi hadi Jumanne asubuhi nilikuwa nimesema maneno manane kwa jumla, yote kwa msichana wa dukani, manne kati yake yakiwa kwamba sihitaji mfuko wa plastiki. Jumatatu iliyofuata nikachukua mataulo, nikaja kufua. Yalikuwa safi. Tangu hapo nayafua kila wiki.

Wenyeji wa benchi ni watatu. Wa kwanza ni Seneta, ambaye jina lake halisi ni Dalton Pruitt, yuko mwaka wa mwisho, na huongea kama mtu anayeomba kura hata anapoomba chumvi. Wa pili ni Dizeli, kijana mpole mwenye mikono myeusi ya mafuta, anayetengeneza magari ya nusu ya wilaya na kusinzia katika vipindi vyangu kwa adabu kubwa. Wa tatu ni Ofa, yaani Kaylin Strode. Anafanya kazi jioni katika duka la bei poa, na kila kitu duniani anakijua kimeshuka bei kiasi gani.

Siku hiyo nilikuwa na karatasi mbili begani, ndani ya mkoba. Ya kwanza mkuu wa shule alinipa Ijumaa: kamati fulani ya makao makuu ya jimbo inataka maoni ya wanafunzi, elimu ya Marekani iboreshwe vipi, mapendekezo matatu, ukurasa mmoja. Ya pili alinipa dakika hiyohiyo, ikiwa ndani ya bahasha. Ni fomu ya mkataba wa mwaka ujao. Ina visanduku viwili tu, nitarudi na sitarudi. Zote mbili zilitakiwa ofisini Jumanne saa mbili kamili asubuhi.

Ya kwanza niliitoa. Ya pili niliiacha humo humo. Shule moja kubwa ya Springfield ilikuwa imenipigia simu kunipa kazi, nami nilikuwa nimeamua kuondoka kwa asilimia sitini. Hilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwambia isipokuwa hawa, na hawa ndio ningekuwa nawaacha.

— Ticha, mataulo yako wewe yanachafukaga saa ngapi? Ofa aliniuliza nilipoketi. Maana wiki iliyopita nimeyakunja mwenyewe, yananukia sabuni kabla hayajaingia mashineni.

Nikasema mimi ni mtu wa usafi. Akanitazama kidogo, akasogea kunipa nafasi.

Nikawasomea swali la kamati. Seneta akaomba nirudie, polepole, kisha akasimama. Dizeli akamwambia akae, hii si televisheni. Tukakubaliana kwamba kila mmoja atatoa pendekezo moja, mimi niandike, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.

Dizeli akaanza, na alianza vizuri. Anakaa kule Possum Ridge, basi la shule linamchukua saa kumi na mbili kasoro robo, na hadi afike darasani amekaa njiani saa moja na dakika ishirini. Jioni hivyohivyo. Pendekezo lake ni mabasi zaidi. Niliandika. Lakini alipoona naandika akapata moyo, akasema kwa nini basi lizunguke bure, wafundishe humo humo. Ubao ubandikwe nyuma ya kiti cha dereva. Akatafakari tena. Kwa kuwa dereva wetu tayari ndiye kocha wa mpira na ndiye anayefundisha jiografia, basi afundishe huku anaendesha, na mtihani uwe kumwelekeza njia. Atakayekosea, wote wanachelewa nyumbani.

— Ndiyo maana unaitwa Dizeli, Ofa akasema. Kichwa kizima moshi.

— Wewe toa lako tuone.

La Ofa lilikuwa mitihani. Ana kumbukumbu ya kutisha: mwaka jana walifanya mitihani ya jimbo siku kumi na moja, na kwa wiki nne kabla yake hawakusoma kitu ila namna ya kufanya mitihani ya jimbo. Alitaka ipunguzwe nusu. Nikaandika nusu. Akasema hapana, andika robo tatu, mwisho wa msimu vitu hushuka robo tatu. Kisha akapendekeza wale wabunge waliotunga sheria ya mitihani waifanye wao, katika ukumbi wetu wa chakula, wakikalia vile viti vya plastiki vinavyobana, simu zimekusanywa mlangoni. Matokeo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa duka lake, karibu na kuku waliopunguzwa bei. Atakayefeli hesabu asipewe chakula cha mchana hadi arudie.

Hapo Dizeli akauliza, kwa kuzingatia hali halisi, nani atamsahihishia mbunge hesabu, maana sisi wenyewe hesabu hatuna mwalimu. Ni kweli. Tangu Agosti wanafundishwa hesabu na skrini. Mimi au mwalimu mwingine mwenye nafasi hukaa mlangoni kuhakikisha hakuna anayelala sana.

Seneta alikuwa anangoja hapo hapo. Alisema wenzake wanazunguka pembeni, tatizo la elimu ya nchi hii ni moja, walimu hawakai, nalo lina dawa. Mtu mzima yeyote wa Marekani huitwa na serikali kukaa kwenye jopo la raia wanaoamua kesi mahakamani, apende asipende. Inakuja barua tu. Basi na ije barua ya namna hiyo: umechaguliwa, ripoti Pickett Mill, hesabu, darasa la kumi, mwaka mzima. Daktari, fundi bomba, mwigizaji wa sinema, wote zamu kwa zamu.

— Akitoroka? Dizeli akauliza.

— Anafungwa ile bangili ya polisi mguuni. Akivuka daraja la mto tu, inalia.

— Na akivuka akiwa hajafungwa? Wetu si wanavuka kila mwaka.

— Ndiyo nasema wafungwe wote. Hata hawa tulio nao. Kuanzia kesho.

Wakacheka, wakanitazama mguuni. Nami nikacheka. Kisha nikajifanya nanoa penseli.

Kisha Seneta akasema jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwake, kwa sauti ya kawaida, si ile ya kampeni. Alisema bodi ilipotoa Jumatatu ilidhani imewafunga walimu kwa hisani. Baba yake alikuwa kwenye bodi wakati huo, na alirudi nyumbani akijisifu. Mwaka wa kwanza wakaondoka wachache. Mwaka wa pili wakaondoka wengi kuliko zamani zote. Ikawachukua muda kuelewa. Shule zote kubwa, za mjini, zinafunguliwa Jumatatu kama kawaida, na ofisi zao ziko wazi. Zamani mwalimu wa hapa akitaka kazi kwingine ilibidi aombe ruhusa, adanganye, apoteze siku. Sasa bodi imempa siku yenyewe, kila wiki, bila kuuliza.

— Jumatatu ndiyo siku ya usaili, ticha. Tumewatengenezea wenyewe. Ukimwona mwalimu Jumatatu amevaa viatu vya kung'aa anaelekea kaskazini, hesabu huyo kaondoka.

Nilikunywa kahawa ambayo ilikuwa imeshapoa. Jumatatu ya tarehe thelathini na moja Machi sikuja benchini. Niliwaambia nilikwenda kwa daktari wa meno. Nilikwenda Springfield, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari, na viatu nilivivaa nikiwa nimeshavuka daraja, nimeegesha pembeni ya barabara ili mtu asinione.

Ofa akaanza kuwahesabu walioondoka tangu wao waingie sekondari. Alitumia vidole vyake, kisha akaomba vya Dizeli. Yule wa hesabu mwenye ndevu. Yule wa hesabu aliyemfuata. Bibi wa maktaba. Mwalimu wa kemia aliyeunguza pazia. Yule aliyekuwa anawafundisha tarumbeta, ambaye Dizeli alimpenda sana hata akajifunza kupuliza nyimbo mbili, tarumbeta lenyewe bado liko chini ya kitanda chake. Wakafika kumi na mmoja, wakakwama.

— Kumi na wanne, nikasema. Mmewasahau wawili wa Kiingereza na yule wa sanaa.

Nadhani walishangaa kwamba nilikuwa na idadi kamili. Niliipata Septemba, kwenye orodha ya zamani ofisini. Ninapofika mahali papya huwa natafuta idadi ya walionitangulia, sijui kwa nini. Haijawahi kunisaidia kulala.

Wakati wote huo alikuwepo mtu wa tano ambaye sijamtaja, kwa kuwa hakuwa amesema neno. Aliitwa Marisela Tzoc. Alikuwa na wiki tano tu mjini. Wazazi wake walikuja kufanya kazi katika kiwanda cha kuku, na hii ilikuwa shule yake ya sita, katika jimbo la nne. Alikuwa amesimama mlangoni akingoja mashine ya kukaushia, kapu la nguo kiunoni. Ofa alishamkaribisha kukaa, yeye akasema asante, akabaki amesimama.

— Samahani, akasema. Huwa wanaendaga wapi?

— Nani? Seneta akauliza.

— Hao walimu. Kumi na wanne.

Ofa akasema mjini. Marisela akauliza mji gani. Basi tu, mjini, watu si huenda mjini. Akauliza tena, bila ubishi, kama mtu anayeulizia kituo cha basi, kwa mfano yule wa tarumbeta yuko wapi. Dizeli akaangalia mikono yake. Alisema hajui. Ijumaa ya mwisho kabla ya likizo yule mwalimu aliwapigisha wimbo mzima bila kuwakatiza, akasema mmefanya vizuri, tutaonana. Agosti waliporudi, kile kikaratasi cha jina kwenye mlango wa darasa kilikuwa kimetolewa, na humo ndani mlikuwa mmewekwa meza za kukunja.

— Hamkumuuliza?

— Tungemuuliza lini, Dizeli akasema. Hakuna aliyetuambia anaondoka. Hapa huwa hawaagi. Unarudi Agosti, unasoma milangoni.

Ofa alijaribu kwa mwingine, yule mwenye ndevu. Akasema alisikia Arkansas, au labda hiyo ni mke wake. Seneta hakujaribu. Walipitia majina yote kumi na manne, moja baada ya jingine, na hawakuweza kusema hata mmoja wao yuko wapi leo. Watatu hawa ndio waliokuwa wameitengeneza elimu ya Marekani nzima kwa muda wa vikombe viwili.

Marisela akasema anaona ajabu kidogo. Wao wakihama, na wamehama sana, mama yake huwa haondoki bila kwenda kwa majirani wa pande zote mbili kuwaambia wanakwenda mji gani na kwa kazi gani. Hata kama majirani hao hawajawahi kuwasalimia. Mama husema mtu akikuulizia, asikute wanaojibu hawajui.

Kisha akanigeukia mimi.

— Na wewe ticha, unajua wanakoendaga?

Nilikuwa na jibu la mtu mmoja. Nilikuwa na jina la mtaa, namba ya jengo, tarehe ya kuripoti. Nilikuwa nimeliandika nyuma ya ile bahasha ndani ya mkoba, sentimita chache kutoka kwenye mkono wangu. Wote wanne walikuwa wananitazama, na si kwa kunishuku, hilo ndilo lililonishinda. Walinitazama kwa sababu mimi ndiye mwalimu na nimezoea kuwa na majibu yenye tarehe.

— Sijui, nikasema.

Bibi Verlene akatokeza kichwa akatangaza kwamba kahawa imeisha na hatapika nyingine, saa tano na nusu anafunga kwenda kwa dada yake. Mashine ya Marisela ikalia, akaingia ndani. Nikawauliza tumalizie karatasi, bado pendekezo la tatu, la jopo na bangili, niliandike vipi.

— Futa langu, Seneta akasema. Weka la huyu.

— La huyu si pendekezo, ni swali.

— Basi weka swali.

Nikaliandika kama Marisela alivyolisema: huwa wanaendaga wapi? Dizeli akaomba aione karatasi, akaisoma mpaka chini, akanirudishia akiishika kwa ncha za vidole ili asiichafue. Wakaondoka na makapu yao. Nilibaki peke yangu kwenye benchi hadi Bibi Verlene alipokuja kunipa mataulo yangu, akiwa ameyakunja, akaniuliza kama niko sawa. Nilisema niko sawa, nikayaweka kwenye gari. Hayo yalikuwa maneno yangu ya mwisho siku hiyo. Niliyahesabu.

Ningependa kuandika kwamba swali la Marisela lilinibakiza Pickett Mill. Jioni nzima niliuona huo uwezekano, niliukalia mezani na ile fomu mbele yangu. Niliorodhesha upande mmoja nyuso zao na upande wa pili Ijumaa hadi Jumatatu, wiki thelathini na nne nilizokwisha kukaa na nyingine ambazo zingekuja, nyumba niliyopanga ambayo friji lake likizima ghafla usiku ndipo ninapotambua lilikuwa linanguruma. Upande wa pili ulikuwa mrefu zaidi. Niliupunguza makusudi, na bado ulikuwa mrefu zaidi. Sikumlaumu mtu. Lakini nilielewa kitu kimoja kuhusu wale kumi na wanne: huenda kila mmoja alidhani anawaonea huruma watoto kwa kutowaambia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshapanga Ijumaa yangu ya mwisho, nikawaza hata filamu ya kuwaonyesha.

Jumanne, tarehe kumi na tano, nilifika shuleni saa moja na dakika kumi asubuhi. Nilimpa karani karatasi ya wanafunzi kwanza. Kisha nikatia alama kwenye kisanduku cha pili cha fomu yangu, pale pale kwenye kaunta, mbele yake, nikatia sahihi. Karani ni mwanamke mkimya, amefanya kazi pale miaka ishirini na miwili. Aliisoma, akaniambia kwa upole kwamba kwa kawaida wanafunzi hawaambiwi hadi Agosti, ili wasivunjike moyo wakati wa mitihani ya jimbo. Nikamwambia nimeelewa.

Kipindi cha kwanza kilikuwa changu, historia, wanafunzi kumi na wanane. Seneta, Ofa na Dizeli walikuwa mahali pao. Marisela alikuwa nyuma, karibu na dirisha. Sikuita majina. Nilisimama mbele ya meza, si nyuma yake, nikasema nina jambo la dakika tano kabla ya somo.

Niliwaambia kwamba naondoka. Niliwaambia nakwenda Springfield, na jina la shule, na kwamba nitaanza tarehe kumi na moja Agosti, na kwamba huko pia nitafundisha historia. Niliwaambia kwamba tarehe thelathini na moja Machi sikwenda kwa daktari wa meno. Nilisema sababu, kwa sentensi fupi kadiri nilivyoweza: kwamba huwa sina mtu wa kuzungumza naye siku tatu za kila wiki, ila asubuhi moja benchini, na kwamba asubuhi hiyo ni nzuri lakini haitoshi wiki nzima. Neno benchini nililirudia, ili lisikike. Seneta alikuwa ameinamisha kichwa. Ofa alinitazama moja kwa moja, macho makavu, kama mtu anayesoma bei. Dizeli alikuwa macho kabisa.

Nikageuka nikaandika anwani ubaoni, mtaa, namba, msimbo wa posta, kwa herufi kubwa, nikaikagua mara mbili. Nikasikia penseli moja ikiandika huko nyuma, karibu na dirisha.

Kisha nikaweka chaki chini, nikasema sasa waulize chochote. Hakuna aliyenyoosha mkono. Zilikuwa zimebaki dakika tatu na nusu katika zile nilizozitenga, na nilizisubiri zote, nikiwa nimesimama, bila kuifungua orodha ya mahudhurio.